Majina ya Sinema ya Mama

Kuna sinema moja niliyoiangalia mara tatu bila kujua kwamba ni ile ile. Mara ya kwanza nilikuwa nyumbani Mogogosiek, na kijana wa duka la muvi, yule anayewajazia watu sinema kwenye flashi, aliniambia nichukue "Kogo na Bunduki." Kogo kwetu ni nyanya, na kweli ndani yake kulikuwa na ajuza mmoja mwenye bunduki. Mara ya pili nilikuwa kwa rafiki yangu Kedowa, na huko iliitwa "Lori Bila Breki," maana watu wa Kedowa wanauza viazi kando ya barabara kuu na breki za malori ni jambo linalowahusu. Mara ya tatu nilikuwa Fort Ternan, ambako reli inapita karibu na jikoni za watu. Huko waliniambia ni "Ile ya Treni." Treni yenyewe inapita nyuma ya kichwa cha mtu, ukifumba macho umeikosa.

Mara zote tatu nilikaa mpaka mwisho. Jina ambalo wenyewe waliipa silijui mpaka leo, na kijana wa duka nilipomuuliza aliniangalia kwa huruma. "Mwalimu, jina la kwa kasha ni la wenye kutengeneza," alisema. "Hii ni ya wenye kuangalia."

Kwa hiyo mimi si mtu wa kuwacheka wazungu kwa kuibadilishia sinema jina kila inapovuka mpaka. Nawacheka kidogo tu, na nina haki, kwa sababu majina yao nusura yamfanye mama yangu aonekane amepoteza akili.

Mama ni mkulima wa chai, na ni mzee wa kanisa. Kumbukumbu yake inatutisha sisi watoto wake. Anajua ng'ombe gani alizaa wakati gani, nani alikosa kwenye harusi ya nani, na mimi nilisema nini nikiwa darasa la nne. Siku moja alikwenda kumuuguza dada yake mdogo, ambaye nyumba yake iko upande wa pili wa Kericho. Mama mdogo alikuwa ameteguka mguu akikimbiza kuku wa jirani, ingawa yeye anasema alikuwa akimkimbia nyoka. Mama alikaa huko wiki kadhaa, akarudi na habari kwamba ameigiza katika sinema.

Alitusimulia tukiwa jikoni, huku akichochea moto, kwa sauti ile ile ya kusimulia bei ya mbolea. Watu wa sinema walikuwa wamekodisha shamba la chai lililopakana na la mama mdogo. Kiongozi wao alikuwa mama wa kizungu, mwembamba, mwenye koti la mvua asilolivua hata jua likiwaka. Hadithi ilikuwa ya msichana anayerudi kutoka ng'ambo ili ang'oe chai ya nyanya yake na kupanda parachichi. Mama alipofika hapo alitema mate motoni. Hakumlaumu mwandishi wa hadithi, alimlaumu msichana.

Nyanya wa kwenye sinema alikuwa mwigizaji mashuhuri kutoka Nairobi, mwanamke mzuri wa sura na heshima, ila hajawahi kuchuma jani. "Alikuwa anachuma kama mtu anachagua hereni," mama alisema. Mzungu alitazama mara moja, akatazama tena, akashika kichwa. Hapo ndipo mama, aliyekuwa amesimama kwenye ua akiangalia kama watu wengine, alipoitwa aazime mikono yake. Baadaye wakampenda, wakampa na sehemu ya kusema. Alikuwa jirani anayeingia mlangoni siku msichana anapofika na kumuuliza kama amekula.

Walimletea gauni lililoraruliwa kwa makasi ili aonekane jirani maskini. Wakati wa chakula cha mchana mama aliomba sindano, akalishona lote, mishono midogo iliyonyooka, akalirudisha likiwa zima. Msichana wa mavazi alitaka kulia. Mama alimwambia kwamba maskini ndio wenye sindano, asimchezee.

"Na inaitwaje hiyo sinema?" nilimuuliza.

"Mvua ya Alasiri," alisema. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza kwenye ule ubao wanaoupiga kofi kabla ya kuanza, na aliiona mara nyingi kiasi cha kutosha kuikariri.

Picha hakuwa nayo hata moja. Simu zote zilikusanywa kwenye kikapu kila asubuhi ili watu wasiibe siri za sinema. Shahidi alikuwa mama mdogo peke yake, na hapo ndipo tulipopata shida, kwa sababu mama mdogo hawezi kusimulia jinsi maji yalivyochemka bila kuongeza chumvi. Alipopigiwa simu athibitishe, alisema mama alipigiwa magoti na mzungu, na kwamba ndege ndogo ilikuwa ikizunguka juu ya chai na kumpiga picha yeye tu. Baada ya ushahidi huo, hata waliokuwa tayari kuamini waliacha.

Kwanza ilikuwa mzaha. Rafiki mkubwa wa mama pale Mogogosiek ni mwanamke mwenye duka la vitambaa na nyuzi, ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Mkoa wa Kati akiwa bado mgongoni. Wanaimba kwaya moja. Yeye humwita mama "Mama Mwalimu" kwa ajili yangu, na mama humwita "Mama Duka" kwa ajili ya duka. Wamekuwa wakitaniana tangu nikiwa shule ya msingi, na mimi nilidhani kwa muda mrefu kwamba wanagombana.

"Mpisheni star!" Mama Duka alikuwa akisema mama akitokea mlangoni. "Leo amekuja kutununulia uzi mwenyewe, hajatuma dereva."

Mama alikuwa akifurahi. Alikuwa akijibu kwamba dereva ameenda kuoshwa pamoja na gari.

Lakini muda ulipita na sinema haikutoka. Vijana waliitafuta mtandaoni kwa jina lile wakakuta utabiri wa hali ya hewa. Kijana wa duka la muvi alitafuta, na yeye hakosi kitu, hata sinema ambazo bado hazijatengenezwa. Hakuna. Mama aliendelea kusema itakuja. Polepole nikaona mzaha unakuwa kitu kingine. Mama Duka aliacha kumtania. Akaanza kumrudishia chenji kwa kumhesabia kwa sauti, na kumkumbusha mazoezi ya kwaya ni siku gani. Wanawake kwenye kituo cha kuuzia majani wakaanza kumwongelesha taratibu, kwa maneno mafupi. Siku moja baada ya ibada, Mama Duka alinivuta kando ya tangi la maji.

"Mwalimu, usinichukulie vibaya," aliniambia. "Hiyo maneno ya sinema, mama bado anaisema? Aki mama yangu pia ilianza hivyo hivyo. Alikuwa anasema amesafiri kwa meli. Mpelekeni kwa daktari mapema."

Alisema kwa upendo, na machozi yalikuwa karibu. Hilo ndilo lililoniumiza, kwa kuwa mtu mbaya ungemjibu. Ndugu yangu anayenifuata naye alikuwa ameshaanza kuuliza habari za hospitali. Na mimi? Wakati wote sinema ikitengenezwa nilikuwa Kericho mjini nikisahihisha insha. Sikuona ubao, wala koti la mvua, wala gauni. Nilianza kumtazama mama akipima chumvi, nikihofia atapima mara mbili. Sikuwahi kuwa na hofu kama ile.

Mama aliliona. "Mnaniongelesha kama mtoto," alisema siku moja, akaacha kwenda dukani. Uzi akawa anaagiza. Alikuwa akipeleka majani kituoni, anaweka kikapu chini, anapimiwa, anarudi, hasemi na mtu. Mwanamke ambaye ungeweza kumsikia kutoka ng'ambo ya bonde alikuwa amenyamaza.

Ndipo nilipompigia simu mama mdogo kumuuliza kama ana nambari ya mtu yeyote wa sinema ile. Alikuwa nayo. Alikuwa nayo muda wote, ya yule msichana wa mavazi, na hakuitoa kwa sababu hakuna aliyekuwa amefikiria kumuuliza kitu cha kweli.

Msichana wa mavazi alicheka sana aliposikia. Sinema ilitoka zamani, alisema, ila si kwa jina lile. Akanipa anwani ya mama mmoja wa Ulaya ambaye kazi yake ni kuiuza sinema hiyo nchi hadi nchi, nami nikamwandikia, na yeye, kwa ukarimu ambao sikuutarajia, akanipigia simu. Tuliongea kwa Kiingereza, mimi nikiwa nimesimama kwenye kichuguu nyuma ya boma kwa sababu hapo ndipo mtandao unapokamata.

"Sinema yenyewe ni moja," alinieleza. "Majina ndiyo mengi."

Ufaransa, alisema, kulikuwa na sinema nyingine iliyotangulia kuchukua jina la mvua, na mwenyewe ni mtu wa kesi, kwa hiyo kule inaitwa "Aliyerudi na Viatu Vyeupe." Wafaransa, aliongeza, wanapenda jina lenye mwanamke ndani yake na lisiloeleza kitu. Wajerumani walijaribu kulitafsiri neno kwa neno, likasikika kama taarifa ya hali ya hewa. Nilitaka kumwambia kwamba vijana wa Mogogosiek waligundua hilo bila kwenda Ujerumani. Wakaiita "Kwa Nini Nyanya Hakutaka Kuuza Shamba," na anayelipia tiketi anajua kabisa anakwenda kuona nini. Waitaliano waliiita "Mapenzi Chini ya Mawingu."

"Kwani kuna mapenzi ndani?" niliuliza.

"Kidogo. Msichana anampenda ng'ombe mmoja. Lakini Italia jina lisipokuwa na mapenzi watu wanabaki nyumbani."

Na Marekani waliwaonyesha watu wachache kwanza, wakawauliza jina linawaambia nini. Wakasema wanadhani ni filamu ya kuwafundisha wakulima. Kwa hiyo kule ni "Vilima vya Ushindi," ingawa kwa kumbukumbu yake hakuna mtu anayeshinda kitu chochote. Kila nchi, aliniambia, ina njaa yake, na jina ni harufu ya chakula inayotoka mlangoni.

Kenya je? Kenya haikuwa na jina. Hakuna aliyeinunua kwa ajili ya Kenya. Angetupa ruhusa tuionyeshe mara moja kanisani bila masharti makubwa, alisema, ila angependa nimtumie jina tutakalotumia, alitie kwenye kumbukumbu zake.

Nilishuka kwenye kichuguu mbio kama mtoto. Mama alikuwa akikamua. Nilimweleza yote, Ufaransa hadi Marekani, na yeye akasikiliza bila kusimamisha mikono, maziwa yakiendelea kulia ndooni. Nilipomaliza aliegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe akakaa hivyo muda. Nilijua analia, nikamwacha.

Baadaye alisema, "Hao watu wana haraka. Wamempa mtoto jina kila mji, na hakuna aliyemuuliza mtoto."

Yafaa nieleze, kwa wasiotoka huku. Kwetu mtoto hapewi jina akiwa tumboni. Anasubiriwa atoke, aonekane amekuja vipi: mvua ikinyesha, mbuzi wakirudi, mama akiwa njiani, wageni wakiwa sebuleni. Hilo ndilo jina la kwanza. Kisha wanawake wazee wa ukoo wanakaa naye, wanaita majina ya wale waliotangulia, moja baada ya lingine, mpaka mtoto apige chafya. Jina litakaloitwa wakati wa chafya, huyo ndiye aliyekubali kurudi. Ubatizo unafuata baadaye na jina la tatu. Watu wengine wanasema mtoto hujiamulia. Watu wengine wamewaona nyanya zao wakiwa na ugoro kidogo kwenye ncha ya kidole, hasa ikikaribia zamu ya babu waliyempenda.

Kwa hiyo mama alikataa katakata kuipa sinema jina kabla haijaonekana. Mchungaji hakufurahi. Tangazo la mlangoni likaandikwa "SINEMA, JUMAMOSI ASUBUHI, NJOO NA KITI," naye akanijia na wasiwasi wake.

"Mwalimu, sinema haina jina, na iko kwa nyumba ya Mungu. Hakuna mambo ya kubusiana?"

Nilimwambia kuna ng'ombe tu. Sikumtajia jina la Waitaliano.

Tuliiweka asubuhi kwa sababu alasiri hunyesha, na ukumbi wa kanisa una mabati yasiyo na dari. Ikishuka mvua pale hata kwaya nzima huonekana inafungua midomo bure. Lakini asubuhi ya kwetu mnaijua. Palikuwa na maombi ya kufungua, kwaya ikaimba ikaongezwa wimbo, wageni wakasalimiwa hadi wa safu ya mwisho, mchungaji akaeleza tofauti kati ya sinema nzuri na mbaya. Mablanketi yalipokuwa yamefunika madirisha yote na kijana wa duka la muvi amewasha mashine yake, mawingu yalikuwa yameshajikusanya upande wa msitu.

Mama alikaa safu ya mbele, mikono mapajani. Mama Duka alikuwa amewahi mapema kuliko wote na kuchukua kiti kilichogusana na spika ya mashine. Wengine walisema amewahi ili acheke vizuri. Mimi nadhani alikuwa amekuja kumshika mama mkono mambo yakiharibika.

Sinema ilianza. Vilima vyetu vilitokea ukutani, vya kijani kuliko tunavyoviona sisi wenyewe. Mwigizaji wa Nairobi alitokea, uso wake mzuri ukiwa umepakwa uzee. Akainama kwenye chai. Kisha ukuta mzima ukajaa mikono ikichuma, majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, mpaka kiganja kikajaa. Kabla ya kutupa majani kikapuni, mkono ule ukayapeleka kwanza karibu na sikio, ukayatikisa mara moja.

"Anapokea simu!" mwanamke mmoja alipiga kelele nyuma.

Ukumbi ulilipuka. Maana kila anayechuma karibu na mama anaijua ile tabia. Anayatikisa ili umande na wadudu wadondoke, na wenzake humwambia kila siku kwamba anapokea simu, wamwachie nafasi aongee. Sasa wale wanawake waliokuwa wakimwongelesha taratibu walikuwa wamesimama juu ya viti, wanamnyooshea yule mwigizaji kidole. "Mwizi wa mikono! Hiyo mikono si yake! Rudisha mikono ya mwenyewe!"

Mama hakugeuka. Lakini niliona shingo yake imenyooka.

"Mikono inafanana," nilimsikia Mama Duka akisema kwa upole, kama mtu anayejaribu kumzuia mgonjwa asitumaini kupita kiasi. "Watu wote wanachuma chai huku."

Wengine wakashuka vitini. Ilikuwa kweli kwamba uso hawajauona. Tukaketi kusubiri uso. Mvua ikaanza, kwanza matone mazito, kisha yote kwa pamoja, na ukumbi ukawa ngoma. Msichana wa sinema alifika nyumbani na viatu vyake vyeupe, akaketi sebuleni. Mama alinikamata kifundo cha mkono. "Sasa," alisema. "Ni mimi naingia."

Mlango ukafunguka. Msichana akainua macho. Na sinema ikabaki hapo kwenye uso wa msichana, ikamtazama yeye tu, akitabasamu, akijibu, akifuta jicho. Aliyeingia hakuonyeshwa. Kisha tukawa shambani tena, na yeye hayupo.

Baadaye yule mama wa Ulaya alinieleza kwamba nchi nyingi hawataki sinema ndefu, na jirani alikuwa amepunguzwa. Lakini pale ukumbini sikujua hilo. Nilijua tu kwamba vidole vya mama vimelegea kwenye mkono wangu. Nilitamani mashine izimike, umeme upotee, mabati yaanguke. Watu walikuwa hawamwangalii, na namna walivyokuwa hawamwangalii ilikuwa mbaya kuliko kuangaliwa.

Ndipo Mama Duka aliposimama.

"Simamisha!" alimwambia kijana wa duka la muvi. "Rudisha nyuma. Pale mlango inafunguka."

Kijana alirudisha. Mlango ukafunguka, msichana akainua macho, mvua ikapiga mabati.

"Mimi nimekaa karibu na spika, nyinyi hamjasikia. Leteni maikrofoni ya mchungaji."

Walileta. Aliishika mwenyewe, akaibana kwenye spika kwa mikono miwili, na kijana akarudisha tena. Na sauti ya mama ikajaa ukumbi, juu ya mvua, ikimuuliza msichana kwa Kikipsigis kama amekula, na kabla hajajibiwa ikimwambia asidanganye, anamwona alivyokonda. Hayo ya kukonda hayakuwa kwenye maandishi ya mzungu. Hayo ni ya kwake, kila anayevuka kizingiti chetu huambiwa.

Mama Duka aliishusha maikrofoni. Hakumwangalia mtu mwingine, alimwangalia mama tu.

"Hiyo sauti inaniamkia kwa mlango wa duka tangu niolewe," alisema. "Mama Mwalimu, nilifikiria ni akili imeanza kutoka. Nimekuwa nikikuhesabia chenji. Pole sana. Ngai, Mungu wangu, pole."

Mama alisimama, akaenda akamkumbatia, na wote wawili wakalia bila aibu mbele ya kanisa zima, huku msichana wa sinema akiwa amesimamishwa ukutani mdomo wazi. Mimi nililia zaidi ya wote wawili. Mchungaji alipiga makofi, nadhani kwa kukosa la kufanya.

Sinema ilipoisha mvua ilikuwa bado imetufungia ndani, na kwa kuwa hakuna pa kwenda, wanawake wazee wakasema mtoto ameshazaliwa, apewe jina. Walimketisha mama katikati kwa niaba ya sinema. Alilalamika kwamba yeye si mtoto, lakini alikuwa anacheka. Katika kanisa letu hakuna mwanamke anayenusa ugoro, na hilo tunalijua sote. Ilitokea tu kwamba mmoja wao alikuwa nao mfukoni, akampaka mama chini ya pua.

Wakaanza kuita. "Parachichi Hapana!" Kimya. "Mwizi wa Mikono!" Walicheka, mama akakunja pua, lakini kimya. "Simu Kutoka kwa Chai!" "Mungu Ni Mwema," huyo alikuwa mchungaji. Nami niliita moja nililoliona lina ushairi ndani yake. Hakuna aliyelisikiliza, na sitaliandika hapa.

Mama Duka alikuwa akiwatazama mmoja mmoja, maana hii si desturi ya kwao. "Kwani mnatafuta nini kubwa hivyo?" akauliza mwishowe. "Si tumemwona?"

Mama akapiga chafya. Ugoro ulikuwa umekaa puani muda mrefu, na mimi ni mwalimu, najua sababu. Lakini vigelegele vilivyotoka vilishinda mabati.

Jumatatu yake mama alikwenda dukani mwenyewe kununua uzi. Mama Duka alimrudishia chenji iliyopungua, makusudi, aone kama mama ataona. Aliona kabla mkono haujafika, na kelele zao zilisikika hadi kituo cha majani.

Nami nilimwandikia yule mama wa Ulaya kwamba Kenya sinema inaitwa "Tumemwona." Alijibu haraka, kwa adabu. Alisema lina sauti nzuri, ila kwa uzoefu wake jina la namna hiyo litawachanganya watazamaji, maana halisemi ni nani aliyemwona, wala ni nani aliyeonekana. Nilimjibu kwamba huku kwetu hakuna mtu atakayeuliza.